Kado ya asiransi: nani anailipa?

Kwa karibu miaka 50, mwenye gari nchini Kongo hakuwa na mahali pa kuchagua. Asiransi ilikuwa SONAS, na SONAS ndiyo ilikuwa asiransi. Leo makampuni ni mengi, maajenti wanatafuta wateja, na penye wauzaji wengi hapakosi kado: kalenda, tishati, mwavuli, ao dola chache ambazo ajenti anamrudishia mteja mkononi. Mteja anafurahi, na ni haki yake kufurahi. Lakini hizo pesa zinatoka wapi? Na siku ya ajali, nani atabaki na hasara? Nchi nyingi zilikutana na maswali haya mbele ya Kongo. Zingine zilijibu mapema, zingine zilijibu wakati watu walikuwa wamekwisha kupoteza.

Kutoka mlango mmoja hadi milango mingi

Mwezi wa 11 mwaka 1966, serikali ilianzisha Société nationale d'assurances, SONAS, na kuipatia peke yake haki ya kuuza bima katika nchi nzima. Mambo yalibaki hivyo mpaka tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka 2015, wakati sheria namba 15/005, ile inayoitwa Code des assurances, ilipofungua soko. Sheria hiyo ilizaa pia msimamizi: ARCA, mamlaka ya kusimamia na kukagua bima, yenye makao yake Kinshasa. Mwaka 2019 ARCA ilitoa ruhusa za kwanza kwa makampuni ya binafsi na kwa makurtie, yaani wale wanaosimama katikati ya mteja na kampuni.

Kuna mambo mawili ndani ya sheria hiyo ambayo yanafanya soko la Kongo kuwa tamu kwa wauzaji. La kwanza: mali na hatari zilizo ndani ya nchi zinapaswa kuwekewa bima hapa hapa nchini, si Paris wala Johannesburg. Kampuni za migodi za Kolwezi na Likasi, zenye mitambo ya mamilioni ya dola, ziko ndani ya kanuni hiyo. La pili: bima zingine ni za lazima. Inayojulikana kuliko zote ni ile ya gari na moto, ambayo kazi yake ni kulipa mtu mwingine aliyegongwa. Mwenye moto hawezi kusema "sitaki". Anachoweza kuchagua ni nani wa kumuuzia.

Basi, wakati bidhaa ni ya lazima, na karatasi za kampuni zote zinafanana machoni pa mnunuzi, ushindani unaenda wapi? Unaenda kwa bei na kwa kado. Juu ya ubora wa huduma, mteja hawezi kuuona siku anapolipa. Bima si kama gunia la muhogo ambalo unafungua na kushika unga kwa mkono. Bima ni ahadi. Utaiona siku ya shida tu, pengine miaka miwili kisha kulipa.

Vitu vitatu visivyofanana

Katika maneno ya kila siku watu wanachanganya mambo matatu. Ni vizuri kuyatenga.

Kado ni kitu ambacho kampuni ao ajenti anatoa juu ya mteja anunue ao abaki: kalenda, kofia, unite za simu, mafuta ya gari, tiketi ya mpira.

Punguzo la mkononi, lile ambalo wenye kazi ya bima wanaita ristourne, ni wakati ajenti anamrudishia mteja sehemu ya pesa aliyolipa. Mara nyingi inatoka katika komisio ya ajenti mwenyewe. Kwa karatasi imeandikwa bei moja, kwa mkono imelipwa bei ingine. Hii haifanani na punguzo la wazi, lile ambalo liko ndani ya bei ya kampuni na linapatiwa kila mtu aliye katika hali ileile, kwa mfano dereva aliyemaliza miaka bila ajali.

Matangazo ya biashara, ile piblisite, ni ahadi inayosemwa mbele ya watu wote: kwa redio, kwa bango la barabarani, kwa simu. Hapa swali si pesa, ni ukweli. Je, kilichosemwa kwa redio ndicho kilichoandikwa ndani ya kontra?

Hesabu ya dola 100

Chukulia mfano rahisi, wa kuelewa tu. Mwenye taxi analipa dola 100 za bima kwa mwaka. Ndani ya hizo, kampuni inatenga dola 60 za kulipa ajali, dola 25 za kazi ya ofisi na kodi, na dola 15 za komisio ya ajenti. Ajenti anamwambia: "Yaya, lipa leo, mimi nitakurudishia kumi." Mwenye taxi analipa 90. Ajenti anabaki na 5.

Kwa siku ya kwanza hakuna aliyeumia. Lakini ajenti hawezi kuishi na dola 5. Njia zinazobaki kwake ziko tatu, na zote zina mlango wa nyuma.

Njia ya kwanza ni kuuza kwa watu wengi sana, haraka haraka, bila kumweleza mtu chochote. Atakuja siku ya malipo, na siku ya ajali simu yake haipatikane.

Njia ya pili ni kubana karatasi. Taxi inaandikwa kama gari ya nyumbani, ao lori linaandikwa tani chache kuliko ukweli, bei inashuka. Mteja anaona amesaidiwa. Lakini katika sheria za bima zilizo na mizizi ya Kifaransa, kama ile ya Kongo, anayeficha ukweli kwa kusudi anaweza kupoteza haki yote chini ya kontra. Na aliyekosea bila kusudi anaweza kupunguziwa malipo. Dola 10 za leo zinaweza kugeuka dola 3,000 za hospitali kesho.

Njia ya tatu ni kuomba kampuni iongeze komisio. Kampuni inayotaka wateja inakubali. Sasa ile 15 inakuwa 25, na 10 za kuongeza zinatoka wapi? Zinatoka katika zile 60 zilizotengwa kwa ajili ya ajali. Hapo ndipo kado inaacha kuwa jambo la watu wawili. Inakuwa jambo la mama mwenye kuuza ndizi pembeni ya barabara, ambaye hakununua bima, hakupata kalenda, lakini ndiye aliyegongwa na anangojea kulipiwa.

Marekani: ugomvi wa zaidi ya miaka 130

Marekani ilipita njia hii zamani. Katika miaka ya 1880, makampuni makubwa ya bima ya maisha yalikuwa yanapigania wateja, na komisio ya mwaka wa kwanza ilikuwa kubwa sana. Maajenti walikuwa wanagawana komisio hiyo na mteja. Lakini hawakugawana na kila mtu. Tajiri na mtu mwenye jina alirudishiwa nyingi. Mfanyakazi wa kawaida, asiyejua kwamba bei inaweza kujadiliwa, alilipa yote. Watu wawili wenye umri mmoja na afya moja walilipa bei mbili kwa ahadi ileile. Jimbo la New York lilikataza mchezo huo mwaka 1889, na majimbo mengine yakafuata.

Kukataza kwa karatasi hakukutosha. Mwaka 1905, kamati ya wabunge wa New York iliyojulikana kama kamati ya Armstrong ilichunguza makampuni matatu makubwa: Equitable, Mutual Life na New York Life. Mwanasheria wake alikuwa Charles Evans Hughes, ambaye kisha alichaguliwa gavana. Kamati ilionyesha jinsi pesa za wateja zilivyokuwa zinatumiwa kwa anasa, kwa komisio zisizo na mpaka na kwa kuwapa wanasiasa. Sheria zilizokuja mwaka 1906 ziligusa mzizi: ziliwekea mpaka pesa ambazo kampuni inaweza kutumia juu ya kutafuta wateja wapya. Somo ni hili: kama komisio haina kipimo, punguzo la siri litarudi tu, hata ukiandika sheria mara kumi.

Lakini kuna upande wa pili, na hauna ujinga. Wanaotetea haki za wanunuzi walisema: kama ajenti anataka kupunguza faida yake mwenyewe, kwa nini serikali imzuie? Muuza viatu anaweza kupunguza. Kwa nini si muuza bima? Mwaka 1986 mahakama kuu ya Florida ilikubali hoja hiyo na kufuta katazo. Mwaka 1988 wapigakura wa California, katika kura ya Proposition 103, waliondoa katazo kwa aina nyingi za bima. Kwa macho yao, sheria ya kukataza punguzo ilikuwa inalinda mfuko wa maajenti kuliko mfuko wa mteja.

Ugomvi uliamka tena na teknolojia. Kampuni ya Zenefits, ya San Francisco, ilikuwa inapatia waajiri wadogo programu ya bure ya kusimamia wafanyakazi, na kuishi kwa komisio ya bima ya afya waliyonunua kupitia kwake. Mwaka 2014, msimamizi wa bima wa jimbo la Utah alisema: hiyo programu ya bure ni kado iliyokatazwa. Mwaka 2015 wabunge wa Utah wakabadili sheria na kuiruhusu. Mwezi wa 12 mwaka 2020, umoja wa wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, ulibadili sheria yake ya mfano. Vitu vinavyosaidia kuzuia hasara, kama kifaa cha kugundua maji yanayovuja nyumbani, viliruhusiwa. Kado ndogo isiyo pesa pia, kwa kipimo: umoja huo ulitoa mfano wa asilimia 5 ya bei ya bima ao dola 250, ile iliyo ndogo.

India, kwa upande wake, ilibaki na mstari mkali. Sheria yake ya bima ya mwaka 1938, katika kifungu cha 41, inakataza kumrudishia mteja sehemu yoyote ya komisio ao ya bei iliyoandikwa. Punguzo linalokubaliwa ni lile lililochapishwa katika vitabu vya kampuni, ambalo kila mtu anaweza kuliona.

Nairobi: bei ya chini ilipozaa madeni

Karibu zaidi na sisi kuna Kenya. Huko, bima ya matatu, zile taxi-bisi za watu wote, ilikuwa uwanja wa vita vya bei kwa miaka mingi. Makampuni yalishusha bei kuchukua magari mengi. Ajali zilikuwa nyingi, kesi za mahakamani zikafuata, na madai ya uongo yakaingia katikati. Ongeza usimamizi mbaya, na matokeo yanajulikana. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi wa serikali mwaka 2011. Invesco, iliyokuwa na magari mengi ya abiria, ilifungwa mwaka 2024. Hizo ni mbili tu katika mfululizo mrefu.

Kampuni ya bima ikianguka, kosa la ajali halianguke pamoja nayo. Aliyegongwa bado ana hukumu yake, na anageukia mwenye gari. Kwa hiyo wenye magari waliokuwa wamelipa bima yao kwa haki wanaweza kujikuta wanadaiwa wao wenyewe, na gari linaweza kukamatwa liuzwe. Kenya ina mfuko wa kusaidia wateja wa kampuni zilizoanguka, lakini mpaka wake umekuwa shilingi 250,000 kwa dai moja, pesa ambayo haifike mbali kwa mtu aliyekatwa mguu.

Hapo ndipo neno "rahisi" linabadilika. Bima ya bei ya chini sana si zawadi ikiwa kampuni haina nguvu ya kulipa. Ni karatasi ya kumwonyesha polisi wa rulaji, basi. Na kwa Kongo hiyo ndiyo hatari ya pekee, juu watu wengi wa magari wamekwisha kuzoea kuiona bima hivyo: karatasi ya barabarani kati ya karatasi zingine, pamoja na vinyeti na kontroli tekniki, ya kuepuka usumbufu wa polisi. Mteja anayenunua karatasi haulizi kampuni inalipaje. Anauliza bei tu.

Wakati kado inaenda kwa muuzaji

Katika mazungumzo mengi, watu wanafikiri juu ya kado inayopewa mteja. Lakini ile yenye madhara makubwa zaidi ni inayopewa muuzaji.

Australia iliona hivyo mwaka 2018, wakati tume ya serikali iliyoongozwa na jaji Kenneth Hayne ilipochunguza mabenki na bima. Mbele ya tume ilionekana kwamba kampuni moja iliyouza bima ya maisha kwa simu, Freedom Insurance, ilikuwa inawashindanisha wauzaji wake kwa zawadi kama pikipiki ya Vespa na safari ya Bali. Simu moja iliyorekodiwa ilisikilizwa: muuzaji anamuuzia bima kijana mwenye ulemavu wa akili, ambaye hakuelewa anachonunua. Kijana hakupata Vespa. Alipata deni la kila mwezi, mpaka baba yake alipoingilia. Kisha uchunguzi huo, Australia ilikaza sheria: tangu mwezi wa 10 mwaka 2021, kumpigia mtu simu bila yeye kuomba ili kumuuzia bima kumekatazwa kwa sehemu kubwa.

Uingereza ililipa bei kubwa zaidi. Mabenki yalikuwa yanauza, pamoja na mkopo, bima ya kulipa deni kama mkopaji akipoteza kazi ao akigonjwa. Wengi waliouziwa hawakuweza hata kuitumia. Wengine hawakujua kwamba wanayo. Mwaka 2014 mahakama kuu ya nchi hiyo ilihukumu kesi moja ambamo karibu asilimia 72 ya pesa aliyolipa mteja ilikuwa komisio, bila yeye kuambiwa. Kwa jumla mabenki yamerudishia watu zaidi ya pauni bilioni 38. Ni vizuri kuangalia: Uingereza haikatazi kado za kawaida. Kuna mtandao wa kulinganisha bei, Compare the Market, uliokuwa unapatia wateja vidoli vya mnyama mdogo wa matangazo yake, na nchi haikuanguka. Kilichoumiza watu si kidoli. Ni komisio kubwa iliyofichwa.

Kampuni kubwa, kado kubwa

Kongo ina sehemu ingine ya soko ambayo motari haioni. Ni bima za migodi, viwanda, mabenki, mashirika na ofisi za serikali. Huko kontra moja inaweza kuwa na thamani kuliko moto zote za mtaa mzima. Na anayechagua bima si mwenye pesa. Ni mkubwa wa idara, anayechagua kwa jina la kampuni ao la leta.

Kumpa mtu huyo simu ya bei, safari ya familia ao "kaenvelope" kisha kusaini si kado wala punguzo. Ni rushwa, hata ikifungwa katika karatasi ya Noeli. Kwa ununuzi wa serikali kuna sheria ya masoko ya umma ya mwezi wa 4 mwaka 2010, na juu ya rushwa kuna sheria ya mwaka 2005. Hazikuandikwa kwa ajili ya bima peke yake, lakini bima haiko nje yake. Wanaoumia ni wafanyakazi: kama bima ya afya ya kampuni ilichaguliwa juu ya safari ya mtu mmoja, mama mjamzito ndiye atakayekuta hospitali inakataa karatasi yake.

Piblisite: sauti kubwa, herufi ndogo

Juu ya matangazo, hatari ni ya aina ingine. Maneno mawili yanayopendwa sana ni "bure" na "yote". "Tunalipa yote." "Miezi miwili bure." Lakini hakuna kontra ya bima isiyo na mipaka. Kuna kiwango cha juu cha kulipwa, kuna sehemu ambayo mteja anajilipia mwenyewe, kuna vitu vilivyoachwa nje, na mara nyingi vita na fujo viko katika hivyo vilivyoachwa nje. Kwa mtu wa Ituri ao Kivu, hilo si jambo dogo la ukurasa wa mwisho. Duka lake likichomwa katika fujo, huo mstari mmoja ndio unaamua kama ataanza tena ao atafunga.

Kuna pia lugha. Tangazo linapita kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Tshiluba ao kwa Kikongo, kwa mafumbo na muziki. Kontra inakuja kwa Kifaransa cha sheria. Ahadi inasikika kwa lugha ya mama, na mipaka inaandikwa kwa lugha ambayo mteja wengi hawaisomi vizuri. Msimamizi akitaka kuanza mahali fulani, hapo ndipo pa kuanzia: kila tangazo liseme kwa lugha ileile jambo kubwa ambalo bima hiyo hailipi.

Redio za mitaa ziko ndani ya jambo hili, na haifai kulikwepa. Redio nyingi za jamii zinaishi kwa matangazo machache, na kampuni ya bima ni mlipaji mzuri. Baraza la CSAC, lililowekwa na sheria ya mwaka 2011, linasimamia vyombo vya habari. ARCA inasimamia bima. Tangazo la bima linapita katikati ya hao wawili. Redio inaweza kujilinda bila kungojea amri: kuuliza namba ya ruhusa ya kampuni mbele ya kupitisha tangazo, na kutofautisha wazi kipindi kilicholipwa na habari. Mtangazaji anayesifu bima kama rafiki, wakati amelipwa, anauza kitu kikubwa kuliko dakika za hewani. Anauza imani ya wasikilizaji.

Kongo inaweza kuchukua njia gani?

Kuna njia tatu mezani, na kila moja ina gharama yake.

Kukataza yote, kama India. Faida: kanuni ni rahisi kueleweka, na mdogo halipi zaidi kuliko mkubwa. Hasara: bila ukaguzi, mchezo unaendelea chini ya meza, na anayefuata sheria ndiye anayepoteza wateja. Katika nchi kubwa kama Kongo, ambako kutoka Kinshasa hadi Bunia ni safari ya ndege, katazo lisilo na wakaguzi ni karatasi tu.

Kuruhusu yote na kuacha soko. Faida: bei zinashuka upesi. Hasara: Nairobi imekwisha kuionyesha. Bei inaweza kushuka mpaka chini ya gharama ya ajali, na msimamizi anajua wakati kampuni imekwisha kuanguka.

Njia ya katikati ni kutenga vitu. Kado ndogo yenye kipimo, inayopatiwa kila mteja sawasawa, iruhusiwe: hakuna haja ya kufukuza kalenda. Kitu kinachopunguza ajali kihesabiwe tofauti. Kofia ngumu ya motari ina faida kwake, kwa abiria wake na kwa kampuni inayopaswa kulipa ajali. Hiyo ni kado inayorudisha pesa zake. Lakini pesa ya kurudishiwa mkononi nje ya risiti ikatazwe, na bei iliyo kwa risiti iwe ndiyo bei iliyolipwa. Komisio iwe na mpaka, na mteja akiuliza ni ngapi, aambiwe.

Njia hiyo inahitaji kitu kimoja zaidi, na bila hicho zingine hazisaidii: mteja aweze kuhakikisha mwenyewe. Nchini Tanzania, stika ya bima ya gari inaweza kuhakikiwa kwa simu katika mfumo wa msimamizi, TIRA. Dereva, polisi, hata aliyegongwa, anaweza kujua kama bima iko kweli. Mwenye lori anayepita Kasumbalesa kuelekea Zambia na karatasi ya njano ya COMESA anajua umuhimu wake: mpakani hakuna anayeuliza ulipata kado gani. Wanauliza kama bima iko hai.

Maswali ya kuuliza mbele ya kulipa

Wakati kanuni zinangojewa, mnunuzi hana mikono mitupu. Maswali machache yanatosha kutenga ajenti wa kweli na mtembeza karatasi.

Kampuni hii ina ruhusa ya ARCA? Na wewe unayeniuzia, una kadi ya kazi?

Risiti inaonyesha pesa zote nilizolipa? Kama nimelipa 90 na risiti inasema 100, ao kinyume chake, juu ya nini?

Gari limeandikwa kwa kazi yake ya kweli? Taxi ni taxi, moto ya kubeba watu ni moto ya kubeba watu.

Nikipata ajali usiku huu, nampigia nani, na nina siku ngapi za kutoa habari? Ajenti anayeandika kado haraka lakini hajui jibu la swali hili amekwisha kujieleza.

Kitu gani bima hii hailipi? Muuzaji mzuri atakuonyesha mstari kwa kidole.

Na swali la mwisho ni kwa waliokwisha kulipiwa: nani katika mtaa alipata ajali akiwa na kampuni hii, na ilimchukua muda gani kupata pesa yake? Jibu hilo lina uzito kuliko bango lolote. Soko la bima la Kongo bado ni changa, na sifa ndiyo inajengwa sasa. Kampuni inayolipa ajali kwa haraka haihitaji kurudisha dola 10 kwa siri. Na msimamizi anayetaka kujua soko linaenda wapi hahitaji kuhesabu tishati. Ahesabu madai yaliyolipwa, na siku zilizopita mpaka yalipwe, kisha atangaze hesabu hiyo kwa jina la kila kampuni. Hilo ndilo tangazo ambalo wenye gari, wenye moto na wale wanaotembea kwa miguu wanangojea kusikia.